Taratibu na Njia za Vyuo Viwili

Mume wangu anaendesha teksi, na mtaa mzima unamwita Taratibu. Jina hilo hakulipata kwa upole wake, ingawa mpole ni mpole. Alilipata kwa ajili ya mguu wake wa kulia, ambao tangu apewe leseni haujawahi kukanyaga mafuta mpaka chini. Baiskeli zinampita. Kuna mama alijifungulia ndani ya gari lake, na mpaka leo analalamika kwamba angetembea kwa miguu angefika hospitali kwa wakati. Siku ya harusi yetu nilikaa ukumbini na shela langu mpaka poda ikaniyeyuka usoni, kumbe bwana harusi yuko njiani anapisha watu. Nilipomfokea, alinitazama kwa mshangao akasema, "Lakini si nimefika?" Hilo ndilo jibu lake la kila kitu.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: viti viwili, kioo kikubwa kimoja, draya inayonguruma kuliko gari la mume wangu, na dirisha linalotazama pale anapoegesha. Kwa hiyo mambo yake mengi nayaona kupitia dirishani, kitana mkononi. Namwona akifuta gari ambalo halina hata chembe ya vumbi. Namwona akifungua boneti, anachungulia, anafunga, kisha anafungua tena kama mtu aliyesahau kuaga. Mdomo wangu mimi hauna breki, na yeye ana breki tupu. Nadhani ndiyo maana tumedumu.

Sasa, ana tabia moja ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyotuingiza katika haya yote. Mwenyewe anaiita kusoma njia. Akipata abiria wa maana, tuseme mgonjwa anayekwenda kupasuliwa, au mzee anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, na miadi ni kesho, basi leo yeye anakwenda kwanza na gari tupu. Anaangalia wapi pana shimo, wapi maji yanatuama, wapi ataegesha bila kumchomesha mtu jua, na geti la huko linafunguka upande gani. Akirudi ana amani zake. Nilimwambia tangu zamani kwamba anachoma mafuta bure. Akanijibu kwamba abiria haitazami njia, anamtazama dereva, kwa hiyo dereva asibabaike. Nikamwacha. Haambiliki, hasemezeki.

Mtoto tunaye mmoja tu, wa kike, na huyo ndiye amekuwa abiria wake wa kwanza wa kila asubuhi tangu chekechea. Mwenyewe humwita hivyo hivyo, Abiria, na mimi nikaishia kuwa Mama Abiria. Amempeleka shule zote alizosoma na kumrudisha zote. Alipofika sekondari alishamzidi baba yake urefu, na wenzake walikuwa wakimcheka akishushwa getini kama trei ya mayai. Hakulalamika. Aliniambia siku moja, "Mama, nikimwambia nitatembea, atanifuata nyuma na gari, sasa si bora nikae?"

Na ana kichwa, yule mtoto. Wazazi wengine hujifanya hawataki kusifia watoto wao. Mimi sina aibu hiyo. Anataka kujenga madaraja. Si kwamba alikuwa na ndoto tu, alikuwa na hesabu za kuitosha ndoto. Akaomba vyuo, na vyuo viwili vikamkubali kwa pamoja, vyote viwili vya daraja la kwanza, vile ambavyo ukivitaja mbele ya watu wanakaa sawa kwenye viti. Vyote vilimpa ufadhili kamili. Mpaka hapo ilikuwa ni vigelegele na kupigiana simu.

Kisha tukatazama ramani. Chuo kimoja kiko nchini humu humu, kwenye tambarare kavu, ukitoka hapa alfajiri unafika alasiri, na kwa mwendo wa mume wangu unafika magharibi. Majengo mapya ya vioo, jua la kupasua kichwa. Cha pili kiko ng'ambo ya bahari mbili, kizee, cha mawe, katika mji ambao mto wake unaganda mpaka watu wanapita juu yake na viatu. Nyumbani tukaviita Chuo cha Jua na Chuo cha Barafu. Ilitakiwa Abiria athibitishe kimoja kabla ya adhuhuri ya Ijumaa, na akithibitisha kimoja, nafasi ya kingine anapewa mtu mwingine. Hakuna kurudi nyuma kuomba radhi.

Tukimuuliza anataka kipi, anasema, "Vyote vizuri." Hapo nikajua kuna jambo. Mtoto huyu ana maoni juu ya kila kitu chini ya jua, mpaka namna ninavyokata vitunguu. Leo aulizwe habari ya maisha yake yote, halafu aseme vyote vizuri? Aka!

Jumatatu hiyo Taratibu alijaza tangi, akapakia chupa ya chai, akatangaza anakwenda kusoma njia. Nikamuuliza njia gani tena. "Ya chuo," akasema, kama vile kuna kimoja tu.

Alirudi Jumatano jioni, na jamani, sijawahi kumsikia mume wangu akisema maneno mengi kiasi kile. Mtu ambaye mkifiwa anasema "poleni" halafu anakwenda kupanga viti, alikuwa anaongea huku anatafuna. Alikuwa ameegesha kwenye foleni ya teksi getini mwa Chuo cha Jua na kuwabeba wanafunzi siku nzima. Wanafunzi wakiingia kwenye teksi wanasema yote, dereva kwao ni sehemu ya kiti. Akasikia kwamba kuna mhadhiri wa madaraja anayewapeleka wanafunzi wake chini ya madaraja ya kweli na kuwagongesha nguzo kwa nyundo. Akasikia chakula si kitamu lakini ni kingi. Akapita hospitali ya huko, akahesabu madaktari waliokuwa wakitoka. Akazungumza na mlinzi wa bweni la wasichana na kumwona ni mtu mwenye sura ya kununa, jambo lililomridhisha sana.

"Na kivuli nimepata," akasema. "Pale pale nje ya bweni. Mti mkubwa, hakuna anayeegesha. Ijumaa nikitoka hapa asubuhi, jioni niko pale. Jumapili narudi."

"Ijumaa ipi?" nikamuuliza.

"Ijumaa zote."

Abiria alikuwa anatazama sahani yake. Akasema, "Basi nitakwenda huko, baba." Taratibu akapiga meza kwa furaha mpaka chumvi ikaanguka. Mimi sikupiga kitu. Ile sauti naijua. Ni sauti ya mteja anayekuambia nywele zimependeza huku anapapasa mkoba wake kutafuta kitambaa cha kujifunga kichwani. Nimeisikia miaka yote ya kazi yangu, na kila nikiisikia najua mtu huyu anakwenda kulia nyumbani kwake. Iliniuma sana kuisikia kwa mwanangu.

Alipokwenda chumbani kwake nikamgeukia baba yake.

"Umefurahi nini?"

"Amechagua."

"Hajachagua! Amekuhurumia! Umekwenda kule umerudi na mti, umerudi na mlinzi, umerudi na kila kitu isipokuwa godoro. Ulitaka akujibu nini? Vyuo ni viwili, Baba Abiria. Kimoja umekisomea njia, cha pili umekihukumu umekaa hapa hapa."

"Cha pili nitakisomea nini? Gari haliogelei."

"Basi ungevinyamazia vyote!"

Akaweka kijiko chini. Mume wangu hagombani, na hicho ndicho kinachoniudhi zaidi, maana unabaki unapigana peke yako kama mwendawazimu. Akasema kwa sauti ndogo, "Akiugua kule, nitafikaje?"

Niseme ukweli, swali hilo lilikuwa kooni mwangu pia tangu barua pepe ya Chuo cha Barafu iingie, ila mimi nilikuwa nalifunika kwa makelele. Nilimtaka mwanangu hapa. Nilimtaka hapa kwa nguvu zote. Lakini nilimtaka akiwa hapa kwa kutaka mwenyewe, siyo awe mfungwa wa mti wa baba yake. Taratibu akatoka kwenda kufuta gari, na mimi nikaosha vyombo kwa vishindo.

Siku iliyofuata nilikuwa namsuka mwalimu wa hisabati, nimefika nusu ya kichwa, mara mume wangu akaingia saluni bila kubisha hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, maana anawaogopa wateja wangu. Simu iko mkononi. Nyuma yake Abiria, ana uso wa mtu aliyeamshwa.

"Nimepata namba," akasema. "Ya ofisi ya teksi ya kule. Ya barafuni."

Jamani! Alikuwa amekaa garini asubuhi nzima anapiga namba baada ya namba, na Kiingereza chake ni kile cha kuombea maji. Mwisho akampata dereva mmoja aliyekubali kupiga simu ya video na kumtembeza. Alichomwambia, alieleza baadaye, ni maneno manne tu: mimi dereva, wewe dereva. Basi, yule bwana akaelewa.

Simu ikalia. Kwenye kioo cha simu yakatokea masharubu, na nyuma ya masharubu mtu, na juu ya mtu kofia yenye masikio. Kiingereza chake na chenyewe kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo wakalingana. Mimi nilidhani wataanza na chuo. Wapi! Kwanza akamwonyesha injini. Taratibu akaomba kuona matairi. Yana vijisumari vya chuma vya kushikia barafu, na mume wangu aliguna kwa heshima kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga. Mwalimu wa hisabati akaniuliza kichwa chake kitakwisha lini. Nikamwambia asubiri, kuna mambo ya kifamilia.

Yule bwana akabandika simu kwenye dashibodi, akaondoka. Nje kweupe, weupe wa kuumiza macho, hujui barabara ni ipi na mtaro ni upi. Taratibu alikaa kwenye kiti changu cha wateja, na kila ilipokuja kona, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu.

"Taratibu! Taratibu!" akamfokea mtu aliye ng'ambo ya bahari mbili.

Yule bwana hakujua neno, lakini alielewa. Akacheka, akamwambia kwa lugha yake ile ya kuungaunga kwamba kule kwenye barafu kila mtu anakwenda hivyo, anayekimbia huokotwa mtaroni. Tukatazama. Kweli bwana, magari yote yalikuwa yanatambaa. Mji mzima unaendesha kama mume wangu! Akanigeukia kwa uso wa ushindi ambao sijauona tangu siku ya harusi, na mimi nikajitia hamnazo.

Akafika chuoni. Lango la mawe meusi, wanafunzi wamejifunga vitambaa mpaka puani, wanatoa moshi midomoni. Kisha akaingia kwenye daraja linalovuka ule mto ulioganda, akasimama katikati, akateremka na simu.

Na hapo ndipo nilipomwona mwanangu. Mpaka wakati ule alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mgeni. Sasa alikuja mbio, akampita mwalimu, akampita baba yake, karibu aingie ndani ya simu. Akamwomba yule bwana ashushe kamera chini. Chini zaidi. Kwenye maungio, pale chuma kinapokutana na jiwe. Yule bwana wa watu akalala kifudifudi kwenye theluji, mkono umening'inia nje ya ukingo, ili binti wa mtu asiyemjua aone chuma. Abiria alikuwa anasema peke yake, haraka haraka, anaeleza baridi inavyokivuta chuma na joto linavyokisukuma na wale watu wa zamani walivyoliachia daraja nafasi ya kupumua. Hatukuelewa hata nusu yake. Nilimtazama mume wangu, na yeye hakuwa anatazama daraja. Alikuwa anamtazama mtoto.

Yule bwana akarudi garini, anajipukuta theluji, akasema binti akija atampokea uwanja wa ndege mwenyewe, ataandika jina lake kwenye kipande cha boksi na kukiinua juu. Halafu akamwelekea Abiria, akamuuliza, "Sasa, unakwenda wapi?"

Lilikuwa swali la dereva tu. Kila dereva wa teksi duniani huuliza hivyo kabla hajaingiza gia, na mume wangu amewauliza hivyo walevi, mabwana harusi, na watu wenye mbuzi. Lakini binti yake mwenyewe, yeye hajawahi kumuuliza hivyo hata siku moja. Njia yake alikuwa anaijua, ni kuwasha gari na kwenda. Nililiona hilo likimwingia. Mguu wake ukatulia sakafuni. Akageuza kile kiti changu cha kuzunguka mpaka wakatazamana.

"Eti," akamuuliza. "Unakwenda wapi?"

Abiria akanitazama mimi. Nikafumba mdomo, na wanaonijua watakwambia hiyo si kazi ndogo.

"Barafuni, baba," akasema. "Nataka Chuo cha Barafu."

"Kule kuna nini ambacho hapa hakuna? Madaraja hata hapa yapo."

"Yapo. Na yule mhadhiri wa nyundo ningempenda." Machozi yalishamjaa lakini sauti haikutetemeka. "Ila mimi nikiwa hapa nikakwama, nitakupigia, na wewe utakuja. Utachelewa, lakini utakuja. Baba, sijawahi kupotea hata mara moja maishani mwangu. Nataka nijue, siku nikipotea, huwa nafanyaje."

Draya nilikuwa nimeshaizima. Ndani ya simu yule bwana hakuelewa hata neno moja, lakini alitazama pembeni, nje ya dirisha lake, kama dereva anavyofanya abiria wa nyuma wakianza kuongea ya nyumbani. Nilidhani mume wangu atasema juu ya ugonjwa, au hata juu ya ule mti.

"Haya," akasema. Akainuka, akamshika binti yake kichwani, akatoka.

Mwalimu wa hisabati alikuwa analia kuliko sisi wote, nusu ya nywele zimesimama.

Ijumaa, kabla ya adhuhuri, Abiria alithibitisha akiwa kwenye kaunta yangu, kati ya chanuo na mafuta ya nywele. Alibonyeza mara moja tu, ikawa imekwisha. Na mimi niliyejifanya wakili wa barafu siku zote hizo, mimi niliyegombana na mtu mpaka nikagonganisha sufuria, nikaangua kilio cha kusikika barabarani. Abiria akanikumbatia na kunicheka kwa pamoja. "Mama, si wewe uliyetaka nichague?" Nikamwambia ndiyo, na aniache nilie kwa raha zangu.

Nilipomaliza nikanawa uso, nikatazama dirishani. Taratibu yuko ndani ya gari, injini imezimwa, kioo kimeteremshwa kidogo, simu sikioni. Nikatoka kumwambia chakula tayari, na kwa kweli pia kumchokonoa kidogo, maana alikuwa hajasema lolote tangu ile "haya" yake. Nilipokaribia nikasikia Kiingereza cha kuombea maji. Nikasimama nyuma ya gari, kitana bado mkononi.

"Hapana," alikuwa anasema. "Uwanja wa ndege, usije. Usimpokee. Atatafuta gari mwenyewe."

Kule ng'ambo yule bwana akalalamika kitu. Nadhani boksi la jina alikuwa ameshalitafuta.

"Hapana, ndugu yangu. Amesema mwenyewe. Abiria ndiye anayesema."

Nikafikiri amekata simu. Kisha mume wangu akainama mpaka paji la uso likagusa usukani, akashusha sauti.

"Lakini maegesho yapo pale, siyo? Basi wewe egesha. Kaa mbali. Asikuone, usimwambie kitu. Tazama tu kama amepata gari. Akishapata, wewe nenda zako."

Ningetakiwa kumfokea. Mtoto ameomba jambo moja tu, na huyu bwana ameshaanza kulizunguka. Abiria akijua, atatununia sote wawili mwaka mzima. Nilifungua mdomo nianze, nikaona kwamba mkono wangu umeshafika kwenye kioo cha gari na unagonga.

Taratibu akaruka kwenye kiti kama mwizi.

"Mwambie asikae mbali sana," nikasema.